Mposaji Asiyetaka Kunawa

Tegeni masikio, na anayesinzia ajifinye! Pwani ya mawe meusi, chini ya mlima wa moto, hakuna mto. Watu hunywa mvua waliyoikinga. Mwaka wa ukame akaja kijana mtanashati kumposa binti wa Bi Echati. Bi Echati akamletea kata ya maji anawe miguu, ndiyo desturi.

“Yawekeni mnywe, mama.”

Siku ya pili, vilevile: “Yawekeni mnywe, mama.”

“Ana huruma,” binti akasifu.

“Huruma gani hii inayounguza mkeka wangu?” Bi Echati akawaza.

Siku ya tatu hakungoja jibu. Akammwagia miguuni kata ya mwisho. Chwaa! Mvuke ukafuka, na kijana, kumbe ni zimwi la mlimani, akaganda jiwe mlangoni.

“Mama! Tutakunywa nini?”

“Kiu tutaivumilia, mwanangu. Mkwe yule je?”

Na hadi leo, wageni wa nyumba ile hunawia miguu juu ya jiwe lile.