Ukurasa wa Kulia

Hii nimetumiwa na rafiki yangu mwalimu, nikaona si haki kuikalia peke yangu. Isome taratibu, kisha mtumie yule aliyekufundisha kusoma, kama bado yupo.

Palikuwa na mkaguzi wa shule aitwaye Mbonea, mtu mwenye kalamu kali. Walimu wa wilaya nzima wakisikia pikipiki yake walikuwa wanafuta ubao mara mbili. Siku moja akapangiwa kukagua shule ya Ndorwe, juu milimani, shule ile ile aliyosomea utotoni. Ofisini hakumwambia mtu, ila asubuhi hiyo alichana nywele kama mtoto anayekwenda kuanza darasa la kwanza.

Alikuta kila kitu mahali pake. Rimu ya lori iliyokuwa kengele yao bado ilining'inia, na mtoto wa zamu bado aliigonga kwa kipande cha nondo. Sakafu ya udongo ilikuwa imenyunyiziwa maji kutuliza vumbi, na harufu ile ikamrudisha miaka thelathini na mitano nyuma. Alisimama uwanjani akitabasamu peke yake, watoto wakimtazama na kujiuliza mgeni huyu ana nini.

Mwalimu mkuu alikuwa Bi Namsifu, aliyemfundisha Mbonea darasa la tatu. Sasa nywele zake zilikuwa nyeupe, na ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe leo wewe ndiye utakayenisahihisha mimi," akamtania. "Haya, pita. Usinionee haya."

Mbonea akaingia darasa la tatu. Watoto wakafungua vitabu, wakaanza kusoma kwa pamoja kwa sauti ya kuimba: "Sisimizi alitoka asubuhi, kwenda kutafuta chakula." Ndivyo walivyosoma wao zamani, darasa zima kwa mdomo mmoja mpaka bati linatetemeka. Machozi yakamlengalenga. Aliipenda sauti ile kuliko wimbo wowote aliowahi kuusikia.

Kisha akamwona msichana wa safu ya tatu, aitwaye Nakijwa. Alikuwa anasoma kwa sauti kuliko wote, lakini wenzake walipofunua ukurasa, yeye hakufunua. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya jirani yake. Mbonea akatazama vizuri, akawaona na wengine wa namna hiyo, nyuma na kando ya dirisha.

Hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe alifika darasa la tatu akijua kila hadithi kwa moyo bila kujua herufi hata moja, mpaka Bi Namsifu alipoanza kumbakiza mchana na kumsomesha peke yake.

Alikwenda ofisini kujaza taarifa. Ilikuwa na kurasa mbili. Wa kushoto uliandikwa juu yake "Mazuri ya Shule," na wa kulia "Yanayohitaji Kurekebishwa." Wa kushoto ulijaa upesi: watoto wana adabu, mazingira ni safi, bustani ya mboga imestawi. Alipofika wa kulia, kalamu ikawa nzito. Alijua kwamba mwalimu mkuu wa shule ambayo watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma huvuliwa madaraka. Bi Namsifu angeondoka ameshushwa cheo, baada ya kuitumikia shule moja maisha yake yote.

Akaandika neno moja tu: "Hakuna."

Kwa kawaida mwalimu mkuu huisoma taarifa na kuitia saini. Bi Namsifu akasoma ukurasa wa kushoto akitabasamu. Akasoma wa kulia, akaweka kalamu chini.

"Darasa la tatu uliingia?"

"Niliingia, Mwalimu."

"Na Nakijwa ulimwona."

Mbonea akainamisha kichwa. "Mwalimu, imebaki miezi mitatu tu. Wewe ndiye uliyenigundua mimi. Niache na mimi nikufanyie wema."

Bi Namsifu akainuka, akafungua kabati, akatoa faili kuukuu lililoliwa na mende. Ilikuwa taarifa ya ukaguzi ya enzi zile. Ukurasa wa kulia ulikuwa na mstari mmoja: "Darasa la tatu, mwanafunzi Mbonea hajui kusoma. Hufuatisha sauti za wenzake."

"Mkaguzi yule alikuwa na jicho," Mbonea akasema, uso umemwiva kwa aibu.

"Hakuona kitu. Alishaandika mazuri matupu, anapanda landrova aondoke. Nilimkimbilia mpaka getini na chaki mkononi nikamwambia arudi, kuna mtoto sijaweza kumfundisha. Alipoandika ndipo nikaruhusiwa kukubakiza mchana."

"Mwalimu mkuu wa wakati ule alisemaje?"

"Hakuitikia salamu yangu mwaka mzima. Na cheo nilikisubiri miaka sita." Akacheka kidogo. "Lakini wewe ulikuwa umeshaanza kusoma magazeti."

Kisha akaacha kucheka. "Madarasa matatu ya chini yana mwalimu mmoja. Nimeandika barua nne kuomba mwingine. Wilayani wananijibu kwamba taarifa zenu wakaguzi zinasema hapa hakuna tatizo. Wakaguzi watatu wamekuja, wakasikia wimbo, wakala mihogo yangu, wakaandika kama ulivyoandika wewe. Mimi nikistaafu na doa nitakwenda nalo kwenye migomba yangu, na migomba haitaniuliza. Nakijwa akitoka hapa hajui kusoma, ataulizwa kila siku."

Mbonea akalipiga mstari lile neno "Hakuna," akaandika ukweli wote mpaka ukurasa ukajaa. Bi Namsifu akatia saini kabla wino haujakauka.

Alivuliwa madaraka kama ilivyotarajiwa. Siku ya kumuaga palikuwa na chai na mihogo tu, wala hakuja kiongozi yeyote. Lakini mwalimu mpya wa madarasa ya chini alikuwa ameshafika, na Mbonea alikuja, akaketi nyuma.

Risala ilisomwa na Nakijwa. Alisoma polepole, peke yake, bila jirani. Alipofika mwisho wa ukurasa, akafunua.

Funzo: Ukimpenda mtu au mahali, usiandike mazuri yake tu, maana kasoro unayoificha kwa heshima humwumiza mtoto ambaye hukumwuliza.