Bi Hondo na Ukuta wa Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na ukuta.

Tuubomoe!

Aa, ngojeni kwanza. Mna haraka ya kubomoa, na hata hamjauliza nani yuko ndani.

Hapo zamani za kale palikuwa na ndege aliyeitwa Bi Hondo. Ni hondohondo huyu huyu mnayemjua, mwenye mdomo mkubwa kama kata ya kuchotea maji. Alikuwa mcheshi, akipita njia hata panzi humwamkia. Akaolewa, na mumewe alikuwa mpole na mchapakazi, na walipendana.

Basi wakati wa kutaga ulipofika, wakafuata desturi ya hondohondo. Bi Hondo akaingia katika tundu la mkuyu. Mume akaleta udongo, wakasaidiana kuukandika mlango, mmoja nje na mwingine ndani, mpaka ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani mke huatamia, na manyoya ya mbawa humnyonyoka yote, hawezi kuruka hata akitaka. Makinda wakikua, ndipo ukuta hubomolewa.

Na desturi ilikuwa na sharti lake. Mume akileta chakula asiseme neno, wala mke asimsemeshe, adui asije akajua kuna mayai. Lete, pitisha, ondoka. Sharti hilo waliliweka wazee wa hondohondo, na walikuwa na sababu yao, siwalaumu. Ila wazee hao wote walikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa ndani.

Siku za kwanza Bi Hondo alijiona malkia. Analetewa makuyu yaliyoiva, anakula, analala. Akasema moyoni, jamani, raha gani hii.

Siku zikaenda, zikaenda, zikaenda.

Akaanza kuukodolea macho ukuta. Akahesabu alama za mdomo kwenye udongo, akafika mwisho, akaanza upya. Mchana anasinzia, usiku macho makavu. Akawa hajui leo ni jana au ni kesho. Akikohoa, anashtuka kwa sauti yake mwenyewe. Siku moja akayafokea mayai eti yamekaa tu hayasemi, kisha akaona aibu, akayakumbatia na kulia. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuona sababu ya kilio. Nalia nini, akajiuliza, nami nimeshiba? Nimekuwa mtovu wa shukrani.

Nani huyo anacheka? Usicheke. Bi Hondo hakuwa na wazimu. Alikuwa amefungiwa ndani, basi.

Akataka mumewe ajue. Mume alipokuja, Bi Hondo akagonga ukuta, ko ko ko. Mume akawaza, mke wangu ana njaa. Akaleta makuyu mara mbili ya jana.

Kesho yake akalia kwa kwikwi ili mume asikie. Mume akawaza, amekinai makuyu. Akaleta panzi wanono.

Siku ya tatu akavisukuma nje vyote, vikaanguka chini. Mume akaviona, roho ikamuuma, akawaza, kumbe vimeoza. Akaenda kutafuta vitamu zaidi mbali, ng'ambo ya mto, akawa haonekani tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Maskini ya Mungu, alikonda yeye kwa kumlisha mkewe.

Sasa Nguchiro, yule mwizi wa mayai, akapita pale akakuta chakula kimetapakaa chini ya mti. Akasimama, akatazama juu, akapanda. Lakini ufani haikuingia hata pua yake, na ukuta ulikuwa mgumu kama chungu. Alipoona nguvu hazifai, akaleta ulimi.

"Hodi, Bi Hondo. Umeamkaje, shangazi?"

Bi Hondo machozi yakamtiririka. Alijua ni Nguchiro, alimjua vizuri sana. Lakini ni siku ngapi hajasikia mtu akilitaja jina lake? Akajibu kwamba ameamka salama. Nguchiro akaaga akashuka, hakuongeza neno, mjanja yule.

Siku ya pili akaja na habari. Kwamba mvua imenyesha bondeni, kwamba kanga wamehamia huko, kwamba Chiriku kagombana na wifi yake na hawasalimiani. Bi Hondo akacheka mpaka koo likamkwaruza. Ndipo Nguchiro akashusha sauti, akasema amemwona mume wa mtu ng'ambo ya mto, kila siku yuko huko, sijui kwa nani. Akaenda zake. Bi Hondo akalitafuna neno hilo kutwa nzima, na ilipofika jioni alikuwa amekwisha kumwona moyoni huyo mke wa pili, anajua hata kimo chake.

Siku ya tatu Nguchiro akamwambia atoke akajionee mwenyewe, abomoe tu, yeye atamshika asianguke.

Bi Hondo akaanza kubomoa. Mnadhani alisahau kwamba hana manyoya? Hakusahau. Alijua ataanguka, na alijua yule wa nje anameza mate. Lakini kukaa ndani siku moja zaidi alikuona kugumu kuliko kufa. Udongo ukamomonyoka, na Nguchiro akatia mkono.

Hapo mume akatokea. Akamshukia Nguchiro, akamdonoa mgongoni kwa mdomo, Nguchiro akaporomoka mpaka chini, akakimbia akichechemea. Mume akachota udongo haraka aufunge mlango. Bi Hondo akauziba ule uwazi kwa mdomo wake.

"Usikandike kwanza," alisema. "Adui yangu amenisalimu siku tatu. Wewe hujanisalimu tangu tulipofunga mlango. Nilijua ataniua, na bado nilikuwa namngoja."

Mume akaangalia huku na huku, akakumbuka sharti la wazee. Udongo ukamdondoka mdomoni.

"Umeamkaje, mke wangu?" akauliza, na ilikuwa jioni.

Bi Hondo akamweleza alivyoamka. Akamweleza na alivyoamka jana, na juzi, na siku zote zile, na mume akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaukandika mlango pamoja. Toka siku hiyo mume akawa anapiga kelele tangu mbali, mkewe ajue anakuja, na akifika hutoa habari kwanza, makuyu baadaye. Ndiyo maana mpaka leo hondohondo mnamsikia kabla hamjamwona.

Ukuta ulipobomolewa, Bi Hondo alitoka na makinda wawili, manyoya yake yameota tena. Mnafikiri aliruka kwa furaha? Mbingu ilimtisha kwa upana wake. Akataka kurudi tunduni, na ndege wengine wakamcheka. Mume akatua kando yake, hakumharakisha. Siku ya tatu Bi Hondo akaruka.

Haya, fundisho ni hili. Aliyefungiwa ndani, iwe kwa ugonjwa, kwa uzazi, au kwa uzee, msimpelekee sahani mkageuka. Kaeni kitako, muulizeni ameamkaje, na mngoje jibu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, mpelekeeni asiyeweza kuja kuisikia. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.