Tundu Moja, Kuta Tatu

Hapo zamani, tena si zamani za wafalme wala za majini, ni zamani hizi za juzi tu, wachimba mitaro walipokuwa wakifukua vichochoro vya mji wa kale kupitisha nyaya za faiba, za intaneti, palikuwa na nyumba moja ya ghorofa mbili yenye milango mitatu, na kila mlango na kufuli yake. Sogeeni karibu. Lakini simu zenu zimeni kwanza, mimi siwaamini watu wanaorekodi.

Nyumba ile iliachwa na marehemu Mzee Shee. Enzi zake ilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, watu wakila sinia moja. Alipofariki, watoto wakaigawa nyumba, kila ghorofa wakaiziba kwa mbao na misumari. Chini akakaa Mwanakheri, binti mkubwa. Ghorofa ya kwanza akakaa Twalib, wa kati. Juu kabisa akakaa Shamsa, mdogo wao. Kilichobaki cha wote ni ngazi, na kushukiana.

Na mama yao, Bi Mwanasiti, akakaa wapi? Swali zuri, maana wao walilisahau. Walipokuja kulikumbuka, mbao zilikuwa zimeshapigiliwa. Basi wakaafikiana akae kwa zamu. Mwezi kwa Mwanakheri, mwezi kwa Twalib, mwezi kwa Shamsa. Kila mwezi ukiandama, mkoba wake wa ukili hutolewa ngazini, mlango mmoja ukafungwa na mwingine ukafunguliwa, na yeye mwenyewe, kwa kuwa miguu imemwishia, hubebwa kitini kama biarusi asiyejua anaolewa na nani.

Alikuwa na mtoto wa nne, Badi, aliye Uarabuni akifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini. Miaka kumi na mmoja hajarudi. Na macho ya Bi Mwanasiti yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba ikifika Ramadhani huenda asione ila mwanga. Badi alikuwa na ruhusa Ijumaa moja tu. Jumamosi anapelekwa mitamboni miezi saba, huko hapigi wala hapigiwi.

"Nataka nimwone mwanangu," mama alisema. "Si kwenye hiki kisimu chenu, uso wakatika vipande vipande. Nataka nimwone kwenye televisheni, mkubwa mkubwa, nilione lile kovu la kidevuni alipoanguka ngazini."

Simu ndani ya nyumba ile haishiki vizuri, kuta ni za matumbawe, unene wake mkono mzima mpaka begani. Basi watoto wakasema, mama atiliwe faiba. Na kwa kuwa hata waifai haivuki kuta zile, ukifunga mlango imekwisha, wakasema tena kwamba pale kisanduku cha waifai kitakapowekwa ndipo mama atakapokaa moja kwa moja. Zamu zife. Wote wakaitikia inshallah. Wote wakatazamana kwa pembe ya jicho.

Maana mama akikaa kwako, radhi iko kwako. Na mizigo ya Badi, vitenge na manukato na simu mpya, huja kwa jina la mama. Mimi sisemi kitu. Nasema tu.

Sasa sikilizeni kazi za watu.

Wa kwanza ni Mwanakheri. Wakala wa kampuni ya faiba alikuja na fulana yake mpya na meno nje. Mwanakheri hakumkaribisha ndani, alimwacha barazani.

"Ofa hii ni wiki hii tu, dada."

"Wiki hii tu?" Mwanakheri akamtazama viatu, kisha uso. "Samaki ndiye wa wiki hii tu. Waya waoza?"

Akamtajia bei, Mwanakheri akacheka. Akamtajia nyingine, Mwanakheri akampa mgongo, vile tumpavyo mgongo muuza kanga, akavuta mlango pole pole ili mtu apate nafasi ya kumwita. Wakala hakumwita. Mwanakheri akafunga kweli. Kesho yake wakala akarudi. Mwanakheri akamwambia, "Wenzako wa kampuni ile nyingine waja Alhamisi, na wao hawatozi kazi ya fundi." Uongo mtupu, hakukuwa na mtu wa Alhamisi. Siku ya tatu wakala akashuka bei: kazi ya fundi bure, kisanduku bure, mwezi wa kwanza bure.

Alifanya kazi? Alifanya, sikatai. Lakini wakala alipotoa fomu na kuuliza kisanduku kiwekwe wapi, Mwanakheri alitazama ngazini, akaona hakuna mtu, akasema, "Andika chini, kwa Mwanakheri." Moyoni akasema, nisipoandika mimi, wataandika wao.

Wa pili ni Twalib. Twalib ni mtu ambaye akipewa risiti ya mkate huigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine. Aliuchukua mkataba wa kampuni, akakaa nao siku mbili na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, akakuta kwamba baada ya miezi mitatu bei inapanda yenyewe maradufu, na mteja haruhusiwi kujitoa mpaka miaka miwili iishe.

"Mwaona?" akapiga kelele ngazini. "Kikulacho ki nguoni mwako! Dada Mwanakheri kashangilia bure, kumbe bure yenyewe ina meno!"

Akaenda ofisini kwao. Akakaa. Wakamwambia mkataba ni mmoja kwa wote. Akasema basi, atausoma kwa sauti hapo hapo mlangoni, ukurasa baada ya ukurasa, kila mteja anayeingia asikie. Alipofika ukurasa wa tatu, meneja akatoka na kalamu. Kipengele kikafutwa, kikapigwa muhuri, pande zote mbili zikatia sahihi.

Alifanya kazi? Alifanya, sikatai. Lakini kalamu ya meneja ilipokuwa bado iko wazi, Twalib alimwinamia, akasema, "Ongeza na mstari mmoja. Kisanduku kisiondolewe ghorofa ya kwanza, kwa Twalib." Moyoni akasema, nisipoandika mimi, wataandika wao.

Wa tatu ni Shamsa. Yeye hakujua kubishana na wala hasomi herufi ndogo. Lakini alijua jambo ambalo wakubwa wake walilisahau: nyumba za mji wa kale hazitobolewi ovyo. Kuna ofisi ya majengo ya kale, na ukitoboa bila kibali, kesho wako mlangoni na karatasi ya faini. Shamsa akaenda ofisi ile siku tano. Siku ya kwanza karani yuko kwenye mkutano. Siku ya pili yuko kwenye chai. Siku ya tatu yuko kwenye mkutano kuhusu chai. Siku ya nne Shamsa akaja na chupa ya kahawa na kibao cha mbuzi, akakaa kitako mbele ya mlango wa karani, akaanza kukuna nazi.

"Wewe, wafanya nini hapa?"

"Napika, kaka. Leo sirudi nyumbani, na nina njaa."

Siku ya tano alipewa kibali. Tundu moja, ukuta mmoja, mwisho Alhamisi adhuhuri. Baada ya hapo, foleni upya, miezi mitatu.

Alifanya kazi? Alifanya, sikatai. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini kibali kile kilihitaji mchoro wa nyumba wenye alama ya tundu, na aliyeuchora ni Shamsa mwenyewe, na alama aliitia juu kabisa, chini ya dirisha lake. Moyoni akasema nini? Nyinyi mnajua. Mlikuwa mmeshaanza kulisema kabla yangu.

Alhamisi ikafika. Saa nne asubuhi akaja fundi Kazungu na ngazi begani, drili mkononi na waya umezungushwa duara pana kama ungo, maana waya ule ndani yake ni uzi wa kioo, ukiukunja umeuvunja. Akautandaza uchochoroni, akaumulika kwa taa yake nyekundu kuona kama uko mzima. Kisha akaomba karatasi.

Mwanakheri akaleta fomu. Kazungu akasoma, akasema, "Haya, ni chini."

Twalib akaleta mkataba. Kazungu akasoma, akasema, "Hapa imeandikwa ghorofa ya kwanza."

Shamsa akaleta kibali. Kazungu akasoma, akavua kofia. "Na hapa imeandikwa juu kabisa. Jamani, nyumba hii ina watu wangapi wasiosemeshana?"

Wee! Ngazi zikawaka.

"Twalib, wewe wajifanya msomi wa mikataba, kumbe wajisomea mwenyewe!" Mwanakheri alifoka. "Ingekuwa si mimi, wakala asingekanyaga tena baraza hili. Bure yote muionayo ni ya ulimi wangu. Tundu ni langu!"

"Ulimi wako ungetutia kitanzini miaka miwili," Twalib akajibu. "Tahadhari kabla ya hatari. Wewe ulinunua mtego, mimi nikautegua. Tundu ni langu!"

"Tegueni, nunueni, drili ingelia bila karatasi yangu?" Shamsa alisema huku machozi yakimlengalenga, maana mdogo hulia upesi, na mara nyingine hulia kwa makusudi. "Siku tano nimelala njaa kwa yule karani. Mpaka nazi nimekuna mbele za watu. Tundu ni langu!"

Kazungu akajaribu kusuluhisha. "Niwawekee hapa ngazini, kwa wote?"

"Ngazini ataiba nani?" Mwanakheri akauliza, akimtazama Twalib.

"Ngazini atazima nani?" Twalib akauliza, akimtazama Shamsa.

"Ngazini hakuna hata soketi," akasema Shamsa, na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. "Na umeme utavutwa kutoka kwa nani?" Kila mmoja akaugeukia mlango wake.

Kazungu akawaambia waweke popote, maadamu siku mama akihitaji mlango utafunguliwa. Wote watatu wakaapa. Kila mmoja akaapa kwamba wa kwake hautafungwa kamwe. Na kila mmoja, nawaapia na mimi, hakumwamini hata mmoja kati ya wale wawili, kwa kuwa alijua yeye mwenyewe ameandika nini.

Ikawa saa tano na nusu. Majirani wamejaa uchochoroni. Ndipo Kazungu akaenda kwa Bi Mwanasiti, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti chake chini ya ngazi, kwa sababu siku ile mwezi ulikuwa umeandama na bado hawajamhamisha. Mkoba wake wa ukili uko mapajani. Macho yake yanautazama ule mwanga mwekundu wa waya, na kitu kingine haoni vizuri.

"Mama," Kazungu akasema, "wewe ndiwe mwenye haja. Chagua wewe. Nitoboe wapi?"

Uchochoro mzima ukasogea karibu. Watoto watatu wakanyoosha shingo.

Bi Mwanasiti akapapasa mpini wa mkoba. "Baba," alisema, "nikichagua mmoja, wawili watanishuku mpaka kaburini, watasema nilikuwa nampenda yule tangu zamani. Nimezaa wanne. Kila mwezi nasikia mlango ukifungwa nyuma yangu. Badi peke yake ndiye sijausikia mlango wake, nami sijui ni kwa wema wake au ni kwa kuwa yuko mbali." Akagusa kidevu chake. "Kesho Ijumaa nataka kuliona lile kovu. Mimi sitachagua. Wewe nawe usichague, utarogwa bure. Waulize hawa watu waliosimama, wao hawana ukuta hapa."

Akamnyooshea Kazungu ule mkoba. "Pale watakaposema, toboa. Kisha uweke huu mlangoni hapo. Mimi nitajua nabebwa wapi."

Kazungu akaupokea. Mkono wa kulia drili, mkono wa kushoto mkoba wa mama. Akageuka akatutazama, na muadhini alikuwa tayari anakohoa kwenye kipaza sauti.

Nami nilikuwepo pale, nimesimama karibu na mtaro. Kila mtu akamtazama mwenzake, akishuku amepewa kitu. Mimi nilishatoa jawabu langu, na siwaambii, maana mtasema nimetumwa.

Haya, nyinyi msio na ukuta pale. Mmoja alileta nafuu, wa pili akautegua mtego, wa tatu akaleta ruhusa, na wote watatu waliandika majina yao kwa siri. Adhana inakaribia. Je, nani alistahili lile tundu, na mkoba wa mama uwekwe mlango wa nani?