Sange na Mlinzi wa Maji

Nimefika!

— Umefika na nini?

Na kisa.

— Kitamu?

Kichungu.

— Kitue hapo tukionje.

Haya, sogeeni. Na wewe unayecheka kule nyuma, nyamaza, maana leo sina la kuchekesha.

Palikuwa na bonde likiitwa Mterere. Ukame uliingia, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu na mto mwembamba unaoliingilia. Wanyama wakakutana wakagawana kazi, wakaapa kwamba bonde zima litapata maji, chakula na afya. Chura akapewa mbu, awamalize. Yangeyange, yule ndege mweupe, akapewa kupe. Ndezi, yule panya mkubwa wa vichakani, akapewa matete yanayotia kivuli bwawani. Kiboko, kwa ukubwa wake, akapewa maji. Wakapigiana makofi sana, kila mmoja akaenda zake.

Kiboko akaingia bwawani, chubwi! Akatangaza kwamba amepewa maji ayalinde, na kila anayekunywa anayapunguza, kwa hiyo asinywe mtu. Swala akaja, akafukuzwa. Ngiri akaja, akafukuzwa. Wakawa wanalamba umande asubuhi, na jua likipanda, umande nao haupo.

Sasa, palikuwa na Bi Sange, kale kanyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu ya kuchokonoa. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na ulimi wa mtoto yule ulikuwa umekauka hata kulia hawezi. Bi Sange akaenda kuomba tone moja. Kiboko akamjibu kwamba akimpa yeye tone, wote watataka tone. Bi Sange akarudi kwa mwanawe, akakaa chini, akalia. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri.

Kesho yake akaenda tena, safari hii hakuomba kitu. Akamwamkia Kiboko kwa adabu, akamuuliza mbona macho mekundu.

"Silali, Bi Sange. Vyura wanapiga kelele. Kro-kro-kro mpaka alfajiri."

"Kwani wewe ulipewa vyura au ulipewa maji?"

"Nilipewa maji."

"Basi vyura wanakuhusu nini? Waondoe."

Kiboko akawaondoa. Puu! Puu! Vyura wakahama na watoto wao. Jioni mbu wakaja, nziii, nziii, wakamuuma masikio yote mawili.

Bi Sange akaenda kumjulia hali.

"Silali, Bi Sange. Mbu masikioni, na huku yangeyange wananitembea mgongoni. Tapu-tapu-tapu."

"Kwani wewe ulipewa yangeyange au ulipewa maji?"

"Nilipewa maji."

"Basi yangeyange wanakuhusu nini? Waondoe."

Akawaondoa. Fuu! Wakaruka, hawakurudi. Kupe wakampanda kuanzia kwapani hadi mkiani.

"Silali, Bi Sange. Kupe wananimaliza. Wanatoka kwenye matete."

"Kwani wewe ulipewa matete au ulipewa maji?"

Kiboko akainuka hapo hapo. Aliyang'oa matete yote, ng'wa, ng'wa, akayatupa pale mto unapoingilia bwawani. Ndezi akaondoka analia. Jua likashuka moja kwa moja mgongoni kwa Kiboko, ngozi ikapasuka, damu ikatoka. Bi Sange akamwambia kwa upole aende akapumzike mahali penye kivuli, maji atamlindia yeye. Kiboko akajikokota, akaenda.

Wanyama wakanywa. Mtoto wa Sange akanywa, tumbo likavimba, akacheka. Mama mtu alimtazama akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. Alikuwa mjanja kweli. Alijua chura hushika mbu, yangeyange hushika kupe, matete hushika kivuli. Kila uzi aliuvuta akijua utafumua nini. Hakujua tu kwamba Kiboko naye alikuwa uzi.

Maana jioni zote, Kiboko alipokwenda kula majani ya kando, jicho likiwa bwawani, alipita pale pale mto unapoingilia, na tumbo lake zito, bwata-bwata, likikwangua tope. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Yeye mwenyewe hakujua anaifanya. Sasa tope likajaa juu ya matete yaliyotupwa, mto ukaziba, ukageukia kwingine. Maji ya bwawa yakapungua, yakawa ya kijani, yakanuka. Mbu wakazaliana, na chura hayupo. Watoto wa bonde wakashikwa na homa. Mtoto wa Sange akawa wa kwanza kutetemeka.

Bi Sange akakimbia kumtafuta Kiboko. Akamkuta kwenye shimo la matope makavu, amelala ubavu.

"Rudi, bwana. Uzibue mto. Mwanangu anakufa."

"Ningerudi," Kiboko akasema. "Lakini ngozi imekwisha, na njia nzima haina kivuli. Wale vyura wapo?"

"Hawapo."

"Nawakumbuka," akasema, akafumba macho.

Bi Sange akarudi, akaanza kuchimba tope kwa pua yake. Akachimba mpaka pua ikatoka damu, na alichopata ni kitundu cha kuingia kidole. Tone likatoka. Akalipokea kwa jani, akakimbia nalo, akamtilia mwanawe mdomoni. Tone likateremka shavuni, likaingia mchangani. Mtoto hakumeza.

Kisa changu nimekitua. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka akiache hapo hapo kiote nyasi.

— Na funzo je?

Funzo? Mpigieni makofi Bi Sange, kwanza, kwa sababu alimshinda Kiboko. Halafu mjifunze kushika kila mtu lake. Mwenye maji ashike maji, mwenye chakula ashike chakula, mwenye wagonjwa ashike wagonjwa. Mkutane siku moja moja, mle vizuri, mpigiane makofi. Msiulizane kitu. Haya, amkeni mkalale.