Jina Moja kwenye Fomu ya Nyamizi

Mlioshiba na mnaosema hamjala, sogeeni, hadithi hii inataka wa kuiamua.

Palikuwa na watu watatu. Daktari Mwombeki, mpasuaji, alikuwa na mkono usiotetemeka. Aneth, mtaalamu wa lishe, alikuwa na jicho la mizani: akitazama sahani tu anakwambia wali huu utafanya nini kwenye damu. Na Kashindye, mwanamke wa Urambo asiye na cheti chochote, alikuwa na sikio. Neno likipita, yeye hulisikia hadi mzizi.

Watatu hawa walikutana kwa Nyamizi, wifi yake Kashindye, mama wa mtoto wa miezi tisa. Nyamizi alikuwa na kisukari, kilekile kilichomkatisha mama yake mguu, kisha mguu wa pili, kisha kikammaliza, basi akawa ananyonyesha huku anapapasa vidole vya miguu yake, vipo? bado vinahisi? Hospitali moja ilikuwa inatafiti kama kupunguza tumbo la chakula kwa kisu, pamoja na kupanga chakula, kunaweza kukirudisha nyuma kisukari. Nyamizi akaingia.

Mwombeki akampasua. Mshipa ukaachia damu humo ndani, wauguzi wakashika vichwa, mkono haukutetemeka, akauziba. Tumbo lililokuwa kama mfuko likabaki kama ndizi. Bila yeye, Nyamizi angefia mezani.

Aneth akampangia chakula, kijiko kwa kijiko. Nyamizi alipolia kwamba anaacha, Aneth alimfuata nyumbani, akapika naye, akala naye kila jioni miezi mizima. Bila yeye, kisu kingekuwa kazi bure.

Lakini sukari ikagoma. Kila asubuhi Aneth aliuliza, "Leo umekula nini?"

"Sijala."

Akaandika: hajala. Sukari kumi na tisa, ya mtu mzima wa afya haifiki hata nane! Madaktari wakasema mwili huu mkaidi, wakaongeza dozi ya sindano ya kushusha sukari, wakaongeza tena. Siku moja Nyamizi hakutia kitu kinywani kweli, akajichoma dozi ileile, jasho likamvuja, macho yakaingia giza, na mtoto yuko kifuani ananyonya.

Kashindye akampaka asali kwenye fizi, akamkimbiza hospitali, akamgeukia Aneth.

"Dada, uliandika hajala?"

"Si yeye mwenyewe alisema!"

"Huyu asubuhi ana chai na mihogo, saa nne karanga na embe. Kwetu hiyo si kula. Kula ni ugali! Wewe umesoma vyakula, walaji hukuwasoma."

Bila yeye, dozi ya kesho yake ingemzika. Daftari likaandikwa upya, sindano zikapunguzwa, mihogo ikaondoka mezani, na baada ya miezi minane sukari ilikuwa tano, bila sindano hata moja.

Mngedhani yameisha. Utafiti ule una sharti: aliyepona humtaja mgonjwa mmoja aingie, na nafasi iliyobaki ni moja, mlango unafungwa kesho. Na kila mmoja wa wale watatu ana mgonjwa wa kisukari: baba yake Mwombeki macho yanazimika. Pacha wake Aneth figo zimeanza kuchoka. Binti wa kwanza wa Kashindye ana kidonda kisiginoni, na kimeanza kuwa cheusi.

"Mimi sikuombi," alisema Mwombeki, lakini hakuondoka mlangoni.

"Nilikula sahani moja na wewe," alisema Aneth.

Kashindye alicheka, kicheko kikavu. "Wifi, asali ile ilikuwa ya nani?"

Sasa wameondoka wote. Nyamizi ameshika kalamu, mtoto analilia ziwa, wala yeye hamsikii. Akiandika jina moja ameacha mawili, na anajua yanakoishia, alimwosha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, maiti fupi isiyo na miguu.

Fomu ina mstari mmoja tu. Haya, nyie mnaosikiliza, msiniangalie mimi: je, wewe ungeandika jina la mgonjwa wa nani?