Israfu ya Bi Unaysa

Waliotutangulia wamesimulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Basra aliishi mwanamke mchaji, Bi Unaysa, Mola amrehemu, kazi yake kuosha maiti wa kike. Nguo yake ilikuwa viraka juu ya viraka. Siku moja akaonekana sokoni ananunua kichupa cha miski safi, ile ya wake wa mawaziri.

Jirani yake, Bi Shumayla, alikuwa mwingi wa saumu. Tumbo lilifunga, ulimi ukala mchana kutwa. Akautangazia mtaa kuwa hiyo ni israfu, na kwamba fukara anayenunua miski bila shaka anaiba sanda. Wanawake wakaacha kumwita Bi Unaysa, na jiko lake likapoa.

Naye angeweza kujitetea. Miski ile alimpaka maiti mmoja maskini, aliyekufa na kidonda kilichooza, ili waombolezaji wasimzibie pua. Lakini muosha hatoi nje alichokiona ndani. Walipomkabili akasema, "Nimenunua kwa changu. Mengine ataniuliza Mola."

Haukupita muda, mamake Bi Shumayla akafariki. Alikuwa na donda la titi, amefichwa chumba cha ndani, na harufu imefika uani. Waosha wengine walifika mlangoni wakarudi. Bi Shumayla akajitanda ushungi, akaenda kwa Bi Unaysa. Huyu hakumsuta. Alichukua kata yake ya kuoshea akamfuata, na walipofika akauliza tu:

"Nimpake miski, bibi, au ni israfu?"

Bi Shumayla akavua bangili zake, akamkabidhi zikanunue miski.

Jamaa wakaingia kumuaga marehemu, wakambusu paji la uso, wakakaa. Shangazi mmoja akauliza ni manukato gani hayo. Bi Unaysa alikuwa akifunga sanda, hakuinua kichwa. Bi Shumayla naye angeweza kunyamaza.

"Ni ile niliyoiita israfu," akasema. "Nilimsingizia huyu mama. Hakuiba kitu cha mtu."

"Shika miguu hapa," Bi Unaysa akamwambia. "Jua linapanda."

Israfu ni mali kutoka pasipo haja, basi. Hakuna aliyetufundisha kwamba ni kila cha bei alichonunua mwenzio. Sisi neno hili hutujia upesi tukiona kapu la jirani. La kwetu twaliita mahitaji. Mola atusitiri, na siku yetu ikifika atupe muosha mwenye mdomo mzito.