Fisi na Kitabu cha Maji

Zamani hizo wanyama walisoma kabla binadamu hajajua kushika kalamu. Maktaba yao ilikuwa pangoni, na mtunzaji wake alikuwa Sungura. Kila jamii ilikuwa na rafu yake, na desturi ilikuwa moja: kitabu kikiwekwa kwenye rafu yako, kazi iliyomo utawafanyia wenzako, na faida yake utaionja wa kwanza.

Kitabu cha Maji kilikaa rafu ya Kiboko tangu enzi za mababu, maana maji yalikuwa mtoni na mwenye mto ni yeye. Ukaja ukame. Mto ukakauka hadi vyura wakahama. Kiboko alipekua kitabu chote asiambulie kitu. Maji sasa yalikuwa chini ya ardhi, na ardhi Kiboko aliijua kwa kuikanyaga tu.

Sungura aliumia moyo. Nyumbani wanawe walikuwa wakilamba umande, na umande wenyewe ulianza kuadimika. Akaenda kwa Simba, wanyama wote wakiwapo.

"Mfalme, mambo yamebadilika, rafu nazo zibadilike. Kitabu cha Maji kiende kwa wachimbaji. Apewe Mhanga."

"Rafu nilizozipanga mimi?" alinguruma Simba, ambaye hakuwahi kupanga hata mifupa yake.

"Ulizipanga vyema, mfalme. Mto ndio uliokosea."

Simba akaridhika. Mhanga, mla mchwa mwenye kucha kama majembe, akasogea mbele kwa haya. Lakini Fisi alishakumbuka neno moja tu la desturi: kuonja wa kwanza.

"Mchimbaji ni mimi!" alibweka. "Pango ninalolala nimelichimba kwa kucha hizi!"

Uongo mtupu! Pango lile alilichimba Mhanga. Fisi alihamia siku mwenyewe alipotoka kutafuta mchwa. Mhanga akafumbua mdomo aseme. Sungura, aliyekuwa akichemka kwa hasira, akazitazama kucha butu za Fisi, akameza kicheko, kisha akamkanyaga Mhanga mguu.

"Apewe Fisi," alisema. "Rafu yake ina kitabu kimoja tu, cha Mizoga. Unaapa, bwana mkubwa?"

"Naapa! Naapa tena!"

Kitabu kikahamishwa. Fisi akaketi, ulimi nje. "Haya, maji yangu yako wapi?"

"Umeyakalia," alijibu Sungura. "Ukurasa wa kwanza unasema: chimba."

Fisi akacheka. Simba hakucheka.

Fisi akachimba jua la utosi, Simba amemsimamia. Kucha zikamwuma, kiuno kikashuka, na hakijapanda hadi leo. Shimo lilipomfika magotini, akaanguka chali.

"Nimedanganya! Hata pango si langu! Kichukueni kitabu chenu!"

Sungura alikipeleka rafuni kwa Mhanga, naye Mhanga akaingia shimoni, akachimba. Jua halijazama, maji yakabubujika. Mhanga akaonja, wakafuata watoto wa Sungura, wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma. Fisi alikunywa wa mwisho, akalala nje, kwa kuwa pango lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.